Kikohozi cha Filimbi

Saa nne ya asubuhi haijafika, na Filimbi alikuwa ameshaitwa dada mara kumi na mbili. Hakuna aliyemtuma ahesabu, na hesabu yenyewe haikumsaidia kitu, lakini alichora vijiti kwa penseli pembeni ya daftari la malalamiko, kijiti kwa kila dada, na siku zikiwa mbaya vijiti vilijaza ukurasa.

"Dada yangu, huku kwetu bomba halijatoa hata tone tangu juzi."

"Pole sana, mzee wangu. Nisomee namba ya mita."

"Ahsante, dada. Wewe angalau una lugha nzuri. Juzi nilimpata mwanaume mmoja hapo kwenu, jeuri huyo!"

Kijiti cha kumi na tatu, na cha kumi na nne.

Basi mtazame huyo dada: mwanaume wa miaka ishirini na tisa, mabega ya kubeba magunia, ndevu anazinyoa asubuhi na jioni zimeshachungulia tena. Kwenye chumba cha simu cha mamlaka ya maji kulikuwa na meza sita, na yake ilikuwa ya dirishani. Kila kitu chake kilikuwa kimekua isipokuwa sauti. Hiyo ilibaki ya mtoto wa miaka kumi na miwili, nyembamba, ya juu, na ndiyo iliyompa jina la Filimbi tangu shuleni. Wenzake wa kazini hawakulijua jina hilo. Walilibuni upya wenyewe siku ya pili.

Jina alishalizoea. Kilichomkosesha raha sasa ni koo. Miezi miwili mfululizo, ikifika saa sita mchana koo liliwaka moto, na sauti ikamkaukia katikati ya sentensi, mteja akabaki anaita haloo, haloo, kama aliyeachwa kisimani. Msimamizi wake, mtu wa kusema akamaliza, alimwita pembeni.

"Mdogo wangu, simu ni sauti. Hili likiendelea nakupeleka stoo ya mita. Kule hakuna wa kuongea naye ila panya."

Daktari wa koo alimpitishia puani waya mwembamba wenye kamera, na wote wawili wakatazama kwenye kioo cha kompyuta nyuzi mbili nyeupe zikifunguka na kufungika. Daktari alizitazama, akalitazama faili, akamtazama mgonjwa, kisha akarudi tena kwenye zile nyuzi.

"Nilitegemea kukuta uvimbe," alisema. "Au vinundu, kama wanavyopata walimu na wahubiri kwa kupiga kelele mchana kutwa. Huna. Hizi nyuzi za sauti ni za mwanaume mzima, ndefu na nene. Sijaelewa kwa nini zinaongea kitoto. Nenda kamwone mwalimu wa sauti, mwisho wa korido."

Mwalimu wa sauti alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Chumba chake kilikuwa na viti viwili, kioo cha kujitazamia na jagi la maji. Hakumuuliza habari ya koo. Alimwambia tu, "Kohoa."

Filimbi alikohoa.

"Tena, kama mtu aliyepaliwa."

Alikohoa kwa nguvu, na kikohozi kikatoka chini kabisa, kizito, kikatikisa kiti.

"Huyo ni nani?" aliuliza mwalimu.

"Ni... ni mimi."

"Ndiyo sauti yako hiyo. Ipo, haijapotea." Akavaa miwani, akamwonyesha kwa kidole mahali kikoromeo chake kilipokuwa kimepanda shingoni. "Sikiliza. Mtoto mchanga ana nyuzi fupi, ndiyo maana kilio chake kiko juu. Anakua nazo polepole. Mvulana akibalehe, koo linashuka na nyuzi zinarefuka haraka kuliko misuli inavyojua kuzishika, kwa hiyo sauti inapasuka, mara bondeni, mara mlimani. Inamsumbua miezi kadhaa, halafu inatulia chini. Ya kwako haikutulia kwa sababu wewe umeing'ang'ania juu. Misuli inafanya kazi ya kuinua ndoo tangu asubuhi, lazima ichoke. Nani alikwambia uivute?"

"Hakuna," alisema Filimbi, akaviangalia viatu vyake.

Alidanganya. Aliijua siku yenyewe, na saa, na rangi ya kitambaa.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Cherehani ilielekea ukutani, chini ya taa, kwa hiyo kila aliyeingia aliingia nyuma ya mgongo wake. Baba alikuwa fundi wa kuezeka mabati, mwenye sauti ya kusikika kutoka paa hadi paa, na sauti hiyohiyo hakuiacha kazini. Alimwita nayo mkewe akiwa amesimama hatua mbili nyuma ya shingo yake, kuulizia chakula, kuuliza kwa nini mlango uko wazi, kuuliza kwa nini umefungwa. Mkono hakuunyanyua mara nyingi, sauti ilitosha. Mama alishtuka kila alipoitwa, miaka kumi na mitatu ya ndoa, na hakuzoea hata siku moja. Filimbi alipofikisha miaka kumi na miwili, yule bwana alikwenda kuezeka mji mwingine na hakurudi. Nyumba ikapata pumzi. Mama akaanza kupiga mluzi akishona, kitu ambacho mwanawe hakujua kwamba anakiweza.

Miaka miwili baadaye, mchana, Filimbi alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni akasema, "Mama." Neno moja. Sauti ilikuwa inampasuka wiki nzima, lakini siku hiyo neno lilitoka zima, zito, la baba yake mtupu. Mama aliruka. Mguu ulibaki kwenye kanyagio, na sindano ikapita katikati ya ukucha wa kidole cha shahada hadi upande wa pili. Kitambaa kilikuwa cha bluu. Aligeuza kichwa mabega yamekunjwa, na kabla hajaona ni nani, uso wake ulikuwa ule wa zamani.

"Ni wewe," alisema. "Nilidhani..."

Hakumalizia. Filimbi ndiye aliyelizungusha gurudumu la cherehani polepole hadi sindano ikatoka. Siku hiyohiyo aliipandisha sauti juu, akaifungia huko. Habari zilipokuja, miaka kadhaa baadaye, kwamba baba amefariki, sauti ilikuwa imeshaota kutu huko juu na hakukumbuka tena jinsi ya kuishusha. Ukucha wa mama una ufa katikati hadi leo.

Sasa mwalimu alimfundisha. Aweke kidole kwenye kikoromeo, akisukume chini kidogo. Akohoe. Kikohozi kikiisha asikate, akivute kiwe mguno, mguno uwe "maa", na "maa" iwe neno. Mara ya tatu kuja pale, alisema jina lake kamili kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza na kutazama mlangoni, maana alihisi kuna mtu ameingia. Mwalimu alicheka hadi miwani ikadondoka, na Filimbi naye akacheka, na kicheko kikatoka kizito. Alitoka pale anatembea mwendo wa mtu aliyevaa viatu vipya.

Kazini walishikwa na butwaa. Msimamizi alisikia "Habari ya asubuhi, mamlaka ya maji" kutoka meza ya dirishani, akanyanyuka kutazama ni nani kakaa pale. Wateja ndio waliosumbua.

"Yule dada yuko wapi?"

"Amehama."

"Mnaona! Watu wazuri hamkai nao. Alikuwa na adabu yule, sasa tumeletewa nyie."

Filimbi aliomba radhi kwa niaba ya yule dada na kuchukua namba ya mita. Vijiti vilipungua, saa sita ikafika koo halijawaka, na angepaswa kuwa mtu mwenye furaha kuliko wote chumba kile. Lakini hakutulia. Kila ilipokaribia saa kumi aliitazama saa ya ukutani, kwa sababu saa kumi na nusu alitakiwa kusimama kwenye mlango ule.

Na mlangoni aliipandisha. Alijiapiza njiani, akapiga moyo konde, akafika kwenye kizingiti, akaona shingo ya mama yake imeinama chini ya taa, kile kidole chenye ufa kinaongoza kitambaa karibu kabisa na sindano, na sauti ikaruka juu yenyewe kama kuku aliyetishwa. "Mama, nimerudi." Nyembamba. Siku nyingine aligeuka kabla hajaita, akaenda dukani apate muda wa kujipanga, akarudi na sabuni, akaita kwa sauti ileile ya kitoto. Wiki mbili zilipopita nyumba ilikuwa na miche tisa ya sabuni. Mama aliitazama rafu akauliza kama kuna vita inakuja.

Wiki ya tatu sauti ilianza kumsaliti. Kazini, katikati ya sentensi, iliruka juu halafu ikaporomoka. Nyumbani, akiomba chumvi, ilizama. Alianza kula haraka na kulala mapema ili asiongee. Mwalimu wa sauti alimsikiliza dakika mbili tu akavua miwani.

"Unatumia sauti mbili."

"Nyumbani tu, mwalimu. Kuna sababu."

"Hapa kwangu wengi wanakosea kwa kupiga kelele. Wewe unakosea kwa adabu." Hakuwa anacheka. "Misuli haijui sababu zako. Inajifunza kile unachorudia. Unaisukuma chini kwa saa nane, unaivuta juu kwa saa sita, na wewe umeivuta miaka kumi na mitano. Unadhani itachagua ipi? Ukija wiki ijayo hivi hivi, nitakuwa nakupotezea muda. Huyo wa nyumbani ni nani?"

"Mama yangu."

Filimbi aliinuka kwenye kiti, akaaga. Asingeweza kuwa na sauti mbili, na moja kati ya hizo ilishamtoboa mama yake ukucha. Hilo ndilo alilotoka nalo pale, akalizungusha kichwani usiku na mchana, akizunguka chumba chake hatua nne kwenda, hatua nne kurudi.

Alhamisi akapata alichodhani ni akili. Simu! Kwenye simu hayuko nyuma ya mtu. Kwenye simu yeye ni fundi. Wakati wa mapumziko ya mchana, wenzake wametoka, alifunga mlango, akakohoa, akavuta mguno, akapiga.

"Haloo?" Nyuma ya sauti ya mama cherehani ilikuwa inakwenda.

"Mama. Ni mimi." Ilitoka vizuri kuliko siku zote, imetulia, nzito. "Ni mimi, mama. Usiogope."

Cherehani ikasimama. Alimsikia akivuta pumzi. Kisha kitu kikagonga, na simu ikakatika.

Akapiga tena. Ikaita hadi ikachoka. Akapiga mara ya tatu, na ya nne. Usiogope! Mtu gani mwenye akili timamu anaanza na usiogope? Baba yake naye angeweza kusema vilevile. Sindano ilikuwa inakwenda wakati anapokea. Aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, na bado akasema. Alimwambia msimamizi kwamba mama yake anaumwa, na wala hakusubiri kujibiwa. Alitembea haraka, kisha akatembea haraka zaidi, kisha akaona aibu imekwisha na kukimbia, mtu mzima na shati la kazi, anawapisha watu kwa mabega. Kwa kawaida cherehani ilisikika kutoka kwenye kona ya duka la sabuni. Alifika kwenye kona. Haikusikika.

Mlango ulikuwa wazi. Cherehani haikuwa mahali pake.

Ilikuwa imegeuzwa, pamoja na meza yake ya chuma, imeacha mikwaruzo miwili mirefu sakafuni, na mama yake alikuwa amekaa upande wa pili, uso kwa uso na mlango, mikono juu ya kitambaa, anahema. Mwanamke wa miaka hamsini na nane alikuwa amekikokota chuma kile peke yake. Vidole vyote vilikuwepo, na damu hakuna. Simu ilikuwa sakafuni, kioo kimepasuka.

"Mama," alisema Filimbi. Ilitoka nyembamba, akajichukia.

"Siyo hiyo," alisema mama. "Lete ile ya kwenye simu."

"Umenikatia. Nilidhani umejichoma."

"Simu imeniponyoka, hebu itazame. Halafu nikawaza, akirudi atanikuta nimempa mgongo. Nikasema leo hapana. Leo nimtazame anayesema."

Filimbi alianza kueleza habari za daktari, za kamera, za mwalimu na kikoromeo, na sauti ikawa inapanda na kushuka isijue iende wapi. Mama alimwacha kidogo, kisha akainua kile kidole.

"Mwanangu. Hiyo sauti sijaijua leo. Naijua tangu una miaka kumi na minne."

"Unaijuaje? Sijawahi..."

"Unakohoa. Kila ukipata mafua unakohoa kama baba mwenye nyumba. Unacheka usingizini, unagomba usingizini, na ukuta wetu ni wa mbao. Wewe ulifikiri unaificha wapi?"

Filimbi aliutazama ukuta wa mbao.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Miaka kumi na mitano."

"Mwanzoni nilisema ni utoto, itashuka yenyewe. Halafu nikaona umeishikilia, nikajua ni kwa ajili ya kidole hiki. Ningekwambia achia, ungeachia. Ni neno moja tu." Alikuwa anakikunja kitambaa na kukikunjua. "Sikusema. Nyumba ilikuwa imetulia. Nilikuwa nakaa hapa napiga mluzi, hakuna wa kunikemea kisogoni, na niliipenda hiyo raha kuliko nilivyokuonea wewe huruma. Nikakuacha ubebe. Huo ndio ukweli, na ni mbaya."

"Wananiita dada!"

Ilitoka bila kukohoa, bila kidole kooni. Ilitoka kubwa, ya kujaa chumba, na mkasi uliokuwa juu ya meza ulilia.

"Mchana kutwa, dada! Shuleni walinivua suruali kuhakikisha! Msibani nanyamaza, harusini nanyamaza, msichana akinisalimia nampungia mkono kama bubu! Kwa ajili yako! Na wewe ulijua!"

Mabega ya mama yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Mikono ilikuwa imerudi kifuani, na uso ulikuwa ule, ule wa mlangoni miaka kumi na mitano iliyopita. Filimbi aliuona. Akarudi nyuma hatua moja, na akahisi koo linaanza kukwea lenyewe.

"Usiipandishe," alisema mama. "Nimeshtuka, basi. Na kesho nitashtuka. Wewe sema."

"Sina la kusema."

"Basi mimi ninalo. Nisamehe."

Filimbi alilitazama lile gurudumu la cherehani. Alitamani kumpa jibu zuri, alikuwa mtu wa majibu mazuri, ndiyo kazi yake. Lakini lililokuwa moyoni halikuwa zuri, na lilitoka kwa sauti ya chini jinsi lilivyo.

"Bado."

"Haya," alisema mama. Alifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Nitangoja. Njoo tuirudishe cherehani, hapa mwanga haunifikii."

Waliiinua, huyu upande huu na huyu upande ule, wakaisukuma hadi ukutani chini ya taa. Mama alivuta kiti, akakaa, akaupa mlango mgongo. Alichukua sketi ya sare, akalilaza pindo lake chini ya sindano, na kidole chenye ufa kikakaa mahali pake pa siku zote.

"Sasa toka nje. Uingie kama unavyoingia kila siku."

"Mama, kitoe kidole kwanza."

"Nikikitoa nitashonaje? Toka."

Alitoka. Alisimama nje ya kizingiti kwenye jua la alasiri, akasikia cherehani ikianza, kwanza polepole, kisha kwa mwendo wake. Aliweka mguu ndani. Shingo ileile, taa ileile.

"Mama," aliita. "Nimerudi."

Mabega yalipanda. Cherehani haikusimama. Mshono ulikwenda kombo upana wa kidole, ukasitasita, kisha ukanyooka na kuendelea hadi mwisho wa pindo. Mama alikata uzi, akaiinua sketi kwenye mwanga. Huyu alikuwa mtu wa kufumua: mshono ukipinda upana wa uzi alifumua wote na kuanza upya, hata mteja akiwa amesimama mlangoni na mtoto wake analia. Aliutazama ule uliopinda kwa muda mrefu. Kisha aliikunja ile sketi, akaiweka kando peke yake, akachukua nyingine.

"Umekula?" aliuliza, bila kugeuka.

"Bado," alisema Filimbi, na cherehani ikaendelea.